Gari la Keki Likifika Tisini

Mlio wa injini yake niliujua kabla gari halijaingia getini, na mikono yangu ikaanza yenyewe kutafuta kitambaa cha kufutia grisi.

"Usijisumbue," Baba alisema kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango wa stoo. "Ni mteja tu."

"Nafuta jasho, Baba."

"Siku hizi jasho linatoka kwenye kucha?"

Gereji ile ilikuwa yetu wawili tu tangu Mama afariki, na watu wawili wakikaa pamoja miaka yote hiyo hakuna wanachoweza kufichana. Angalau ndivyo nilivyodhani asubuhi ile.

Gari jeupe liliingia taratibu, limechorwa ubavuni keki ya ghorofa tatu. Mwenyewe tulimwita Bwana Keki. Alikuwa mwokaji, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, na kila alipokuja alikuwa na unga mahali fulani asipopajua: mara kwenye nyusi, mara nyuma ya sikio. Mara ya kwanza alileta malalamiko kwamba gari linatikisika. Baba akayabalansi magurudumu yote manne ili uzito ulingane, akaliendesha mtaani, akasema limepona. Mara ya pili akaja na malalamiko yaleyale. Baba akapiga alaimenti ili magurudumu yanyooke, akaliendesha tena, akasema limepona zaidi. Sasa hii ilikuwa mara ya tatu.

"Unajua tatizo la gari lile?" Baba aliniuliza kwa sauti ya chini. "Halina tatizo. Nimeliendesha kwa mikono yangu hii, halitikisiki hata kidogo. Kijana anatafuta sababu ya kuja kukutazama. Leo namwambia ukweli wake."

Nilitaka Baba awe amesema kweli, maana hakuna msichana asiyependa kutafutiwa sababu. Papo hapo nilitaka awe amekosea, maana mtu anayeweza kudanganya kuhusu gari, kesho atanidanganya kuhusu nini?

Kabla sijapata jibu, mlango wa abiria ulifunguka. Akashuka mama mmoja mnene, amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi vizuri, mikononi ana boksi kubwa alilolibeba kwa hasira.

"Fundi ni nani hapa?"

"Ni mimi na baba yangu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka buti za kazi, na kurudi juu tena. Macho yakakwama mikononi mwangu. "Kumbe ndiyo wewe."

Namna alivyolitamka lile *ndiyo wewe*, nilijua nimezungumzwa nyumbani kwao. Nikamtupia jicho Bwana Keki. Alikuwa anaitazama pampu ya upepo kana kwamba hajawahi kuona pampu maishani mwake.

Mama yake aliliweka boksi juu ya meza yetu ya kazi, katikati ya spana, akalifungua. Ndani mlikuwa na keki, au mabaki yake. Ghorofa ya juu ilikuwa imeporomokea ya kati, ya kati imeinama ubavu, na yale maandishi ya krimu yaliyokuwa ya kumpongeza babu wa watu kwa kutimiza miaka themanini yalikuwa yamebaki "Hongera ba".

"Jana hii," alisema. "Nimekaa nyuma nimeishika kwa mikono miwili njia nzima. Gari linanitetemesha kama mgonjwa wa homa. Na leo saa kumi kuna harusi, keki iko nyumbani inasubiri kupelekwa kwa barabara ileile. Sasa nauliza. Mwanangu kaja hapa mara mbili. Fundi gani anashindwa gari moja mara mbili? Mimi nakwambia ni yule asiyetaka lipone." Akanigeukia. "Binti, unataka gari lipone, au unataka mwenye gari awe anarudi?"

"Mama!" Bwana Keki alisema.

"Wewe nyamaza. Kila ukitoka hapa unaunguza mikate."

Baba alisimama. "Mama, nakuheshimu. Lakini binti yangu hachezei gari la mtu. Mwanao ndiye anayelitungia gari ugonjwa ili apate kuja hapa."

"Mwanangu anatunga?"

"Anatunga!"

"Na hii keki nayo imejitungia kuanguka?"

Wazazi wetu walisimama wakitazamana, katikati yao keki iliyoanguka, kila mmoja akimtetea wake na kumlaumu wa mwenzake. Mimi na Bwana Keki tukakutanisha macho. Nilikuwa najitahidi nisicheke, nikaona na yeye midomo inamcheza. Alikuwa na unga kwenye kidevu. Nilipeleka kidole kwenye kidevu changu kumwonyesha. Akaelewa vibaya, akajifuta shavu.

"Basi," nilisema kabla sijaaibika, "hakuna haja ya kubishana. Twende barabara kuu, sote wanne. Kama linatikisika, litatikisika mbele ya mashahidi."

"Mimi nilishalipima," Baba alisema haraka.

"Ulilipima wapi, Baba?"

"Hapa mtaani."

"Kwa mwendo gani?"

"Mwendo wa kutosha."

"Hamsini?"

Baba akajifanya anapanga spana mezani. Sikuzoea kumwona akikwepa swali mbele ya mteja. Ndipo Bwana Keki akaingilia, na sauti yake ilikuwa ya kuomba radhi.

"Kosa ni langu, mzee. Sikukueleza vizuri kwamba linaanza kutikisika mwendo ukifika tisini."

Nikamtazama. Alikuwa ameeleza. Siku ya kwanza kabisa, nikiwa chini ya gari jingine, nilimsikia kwa masikio yangu: "Mjini halina neno, mzee, ila likifika tisini linaanza." Kwa nini sasa ajitwike lawama isiyo yake? Baba naye hakumsahihisha. Alitazama pembeni tu, akatafuta kofia yake.

Tukaingia garini. Bwana Keki alishika usukani, mimi nikakaa kiti cha mbele, na wazazi wakakaa kwenye benchi la nyuma, mbele ya rafu za trei. Kila mmoja alijibana kwenye dirisha lake ili nguo zisigusane.

Sabini, gari lilikuwa limetulia.

"Mnaona?" Baba alisema. "Kama linateleza juu ya mafuta."

"Ngoja," mama yake Bwana Keki alimjibu.

Themanini. Trei moja ikaanza kugonga rafu, polepole.

"Ni trei hiyo," Baba alisema.

Tisini. Trei zote zikaanza kuimba. Sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyangu, hereni za mama wa watu zikacheza, na chupa ya maji iliyokuwa kwenye benchi ikatembea yenyewe mpaka ikamwangukia Baba miguuni.

"Ha-ha-halitikisi-ki sa-sana," Baba alisema, na sauti yake ikatoka imekatika vipande vipande.

Mama yake Bwana Keki alipiga kelele za ushindi. "Rudia! Rudia tena hapo, mzee!"

Nilishindwa kujizuia, nikacheka mpaka nikashika kiti. Bwana Keki naye akacheka, kicheko kizito ambacho sikuwahi kukisikia kwenye mazungumzo ya gereji. Moyoni kitu kilitua. Hakuwa mwongo.

Halafu nikakumbuka kazi.

"Usukani unatikisika?" nilimuuliza.

"Umetulia."

"Naomba niuguse."

Akasogeza mkono wake kidogo tu. Nikaweka vidole vyangu kando ya vyake. Alisema kweli, usukani ulikuwa umetulia kabisa. Mkono wake haukuondoka pale. Nilijua napaswa kuutoa wangu, kwa maana kipimo kile huchukua muda mfupi sana. Niliuacha kidogo zaidi.

"Fundi," alininong'oneza, "unasikia kitu?"

"Bado napima."

"Mnapima nini huko mbele?" mama yake aliuliza.

Nikautoa mkono kama nimeungua. "Tatizo haliko kwenye magurudumu ya mbele, mama. Lingekuwa mbele, usukani ungecheza. Toa gia, liache likimbie lenyewe."

Bwana Keki akatoa gia. Injini ikashuka sauti, gari likaendelea kuteleza, na mtetemo ukabaki palepale.

"Basi si injini pia. Ni gurudumu la nyuma. Huko nyuma mnasikia upande gani?"

"Kila mahali!" mama alisema. "Mpaka kwenye meno!"

Lakini Baba alikuwa amefumba macho. Viganja vyake viwili vilikuwa vimebanwa kwenye benchi, kimoja huku, kimoja kule, na uso wake ulikuwa ule uso niliokuwa nikiuona tangu nikiwa mtoto, alipokuwa akiweka sikio kwenye injini na mtaa mzima ukinyamaza.

"Kushoto," alisema. "Nyuma kushoto. Na halitetemeki tu, linaruka. Punguza mwendo, kijana. Punguza sasa hivi, usikanyage breki kwa nguvu."

Tulisimama pembeni, mahali penye nafasi. Niliweka jeki, nikainua upande ule wa nyuma. Nikalizungusha gurudumu kwa mkono huku nimeshika bisibisi, ncha yake karibu na tairi lakini isiguse. Nafasi katikati ikawa inapanuka na kupungua, inapanuka na kupungua, mpaka mahali pamoja tairi likaigonga ncha. Nikapitisha kiganja upande wa ndani, ule usioonekana mtu akiwa amesimama. Nikaupata. Uvimbe, mkubwa kama nusu ya limau.

"Njoo ushike, Baba."

Alipiga goti, akapapasa. Vidole vyake vikasimama pale kwenye uvimbe.

"Limeachana ndani," alisema polepole.

"Maana yake nini?" mama aliuliza.

"Tairi limeundwa kwa matabaka, mama," nilimweleza. "Hapa yameachana, na waya za ndani zimekatika. Mashine ya kubalansi inaweza ikasema liko sawa, kwa maana uzito uko sawa. Umbo lake ndilo lililoharibika. Mwendo mdogo husikii kitu. Ukikimbia, uvimbe huu unapiga barabara kila gurudumu linapozunguka."

"Na lingeachwa hivihivi?"

Nilimtazama Baba. Baba ndiye aliyejibu.

"Lingepasuka, mama. Kwenye mwendo huohuo."

Mama alimshika mwanawe sehemu ya juu ya mkono, akamshikilia, kama vile anahakikisha kwamba yupo. "Na jana nilikuwa nimekaa juu yake," alisema hatimaye, "nahangaikia krimu."

Baba aliinuka akaenda kusimama mbele ya gari, peke yake. Nikamwachia Bwana Keki spana ya kulegeza nati, nikamfuata.

"Lilikuwa upande wa ndani, Baba. Yeyote angeweza kulipita."

"Usinitetee. Nililishika tairi lile mara mbili. Sikuuona uvimbe, kwa sababu siku hizi siuoni hata uso wako ukiwa pale kwenye pampu ya upepo." Alivua kofia, akaikunja. "Vya mbali viliingia ukungu mwanzo. Sasa na vya karibu vimeanza. Unadhani kwa nini siendeshi barabara kuu?"

Tunakula meza moja, tunafanya kazi chini ya gari moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekaa na mimi kwa kunihurumia, ukawafukuza wote wanaokuja. Nisingekwambia, ungeondoka na mmoja wao. Nikaona bora niwafukuze mimi." Alicheka kidogo, kicheko cha aibu. "Akili ya mzee wako hiyo."

Nilimkumbatia pale pembeni ya barabara, magari yakipita na kutupigia honi. Alinipigapiga mgongoni. "Basi, basi. Kazi haijaisha."

Nilirudi nyuma ya gari. Bwana Keki alikuwa ameshaweka tairi la akiba, anaingiza nati kwa vidole. Mama yake alikuwa amekaa kivulini mwa gari, anajipepea na kifuniko cha boksi.

Nilichuchumaa karibu naye. "Ulijua," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Kuhusu macho ya Baba."

Hakuinua uso. "Siku ile ya kwanza tulipotoka naye kulijaribu gari, alimpungia mkono mtu pale kona. Akamsalimia kabisa. Hakuwa mtu, fundi. Lilikuwa bango la dawa ya meno."

Nilijitahidi nisicheke, nikashindwa, na machozi yakanitoka palepale pamoja na kicheko.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme vipi? Mzee wa watu, kwenye gereji yake, mbele ya binti yake? Nilifikiri nikizidi kurudi, ipo siku utashika kazi wewe."

"Ungekufa, wewe mtu!"

"Sikujua ni tairi. Ningejua, nisingempakia mama." Akakaza nati, akageuka kunitazama. Macho yake yalikuwa na utulivu ambao sikuwa nao mimi. "Na wewe nisingekupakia."

Nilichukua spana mkononi mwake ili nipate kitu cha kufanya. Nikaanza kukaza nati zilizokwisha kukazwa.

"Kati ya kwako na kwetu kuna gereji nyingi," nilisema.

"Nyingi."

"Unazipita zote."

"Nazipita."

"Kwa nini?"

"Mara ya kwanza nilikuwa nimepotea njia."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili sikupotea."

Nilikaza nati moja mpaka ikalia.

"Binti," mama yake aliita. Sikujua amesikia kiasi gani. Nilisimama, nikamwendea. Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka nimwinue, kumbe alitaka kiganja changu. Akakigeuza, akakitazama: grisi kwenye mistari yote, kucha nyeusi, kovu la betri karibu na kidole gumba.

"Mimi nilitaka mkwe wa kunisaidia kupamba keki," alisema. "Nimewaza njia nzima, mikono hii itapamba nini?"

Nikajaribu kuurudisha mkono wangu, hakuuachia.

"Sasa imenitolea mwanangu kwenye kaburi, nami bado nawaza mapambo." Akautikisa mkono wangu, kama mtu anayekemea. "Krimu nitaendelea kupaka mwenyewe. Niinue."

Nilimwinua, na grisi ikamganda kwenye mkono wa lile gauni lake la bluu. Aliiona. Akakohoa, akaingia garini bila kusema neno, na kwangu mimi hayo yalikuwa maneno makubwa.

Tukarudi barabarani. Themanini, trei zimenyamaza. Tisini, zimenyamaza. Bwana Keki aliongeza kidogo tu, na gari likaenda kwa utulivu mpaka tukasikia upepo kwenye vioo. Nyuma, wazazi wetu walikuwa wamesahau kujibana kwenye madirisha.

"Kijana," Baba alisema ghafla.

"Naam, mzee."

"Gari limepona."

"Limepona, mzee. Ahsante."

"Nanunua tairi jipya mimi mwenyewe, halafu huna tena cha kulalamikia. Sasa kuanzia kesho utakuwa unakuja kwangu kwa sababu gani?"

Nilitazama mbele kama mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Bwana Keki aliushika usukani kwa mikono miwili.

"Nitakuja na mama, mzee."

Hakuhitaji kuongeza neno. Sote tulijua kijana anayekwenda kwa mzee wa watu akiwa na mama yake anakwenda kutafuta nini.

"Si leo umekuja naye?" Baba aliuliza.

"Ya leo haihesabiki!" mama alidakia. "Leo nimekuja kugomba, na gauni limechafuka. Nitakuja siku nyingine, nimevaa, na nina watu wangu. Wewe tupangie siku tu, mzee mwenzangu."

Nikageuka nimtazame Baba. Alikuwa amenielekea mimi, amekaza macho namna ile ambayo kwa muda wote huo nilidhani ni ukali wake tu.

"Nipeni muda kidogo," alisema. "Kwanza binti yangu atanipeleka kwa daktari wa macho. Siwezi kumkubali mkwe ambaye namwona ukungu mtupu."

"Mzee, mimi si mtu wa kutazamwa sana," Bwana Keki alisema.

"Hilo nitaamua mimi nikishapata miwani."

Mama alicheka mpaka benchi likatikisika, na safari hii hakuna aliyeuliza ni gurudumu gani. Mimi nilinyoosha mkono, mbele ya wazazi wote wawili, nikamfuta Bwana Keki unga kwenye kidevu.